Google yatosha kuanzia, si kumalizia

Mwanafunzi wa uzamili Moshi au Tengeru akibofya makala, akakuta mchapishaji anadai dola 30 na ushee kwa faili moja, mara nyingi huhitimisha kwamba kanzidata za kulipia si za watu kama yeye. Anarudi Google. Hapo anakosea mara mbili.

Kwanza, Tanzania imo Kundi A, yaani kundi la nchi zisizolipa, la Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia. Chuo au taasisi ikishasajiliwa hailipi ada yoyote: Hinari kwa afya, iliyoanza 2002, AGORA kwa kilimo, OARE kwa mazingira. Pili, bei siyo kinachotofautisha hasa kanzidata na Google. PubMed, kanzidata ya makala za tiba, haitozi hata senti moja kutafuta, na nidhamu yake ni ya kanzidata kabisa. Linalonihusu mimi ni hili: utafutaji wako mtu mwingine anaweza kuurudia akapata kilekile? Ukurasa wa Google hubadilika kulingana na mahali ulipo na ulichotafuta jana. Msimamizi akikuuliza ulitafutaje, "niligugo" siyo jibu.

Chukua chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda mabichi ya kahawa. Ukiandika "coffee berry disease" kwenye Google Scholar, Google ya makala za kitaaluma, bila alama za kunukuu, utamwagiwa maelfu ya makala, nyingi zikiyataja maneno hayo kwa kupitia tu. Na hata yakiwa maelfu, hutaruhusiwa kuona zaidi ya matokeo 1,000. Alama za kunukuu hupunguza takataka. Haziponyi tatizo la pili, ambalo halionekani kwenye skrini: kuvu anayeleta chulebuni alipewa jina Colletotrichum kahawae mwaka 1993, na kabla ya hapo machapisho mengi yalimwita Colletotrichum coffeanum. Anayetafuta kwa jina jipya peke yake anazikosa kazi za miaka ya 1960 na 1970, zikiwemo za majaribio ya viuakuvu huko Kenya. Halafu anaandika kwenye tasnifu kwamba "tafiti ni chache".

Kwa hiyo andika majina yote mawili, kila moja ndani ya alama za kunukuu, katikati uweke OR ("au") kwa herufi kubwa. Mstari huo upeleke CAB Abstracts, kanzidata ya kilimo, ambako makala hupachikwa maneno ya mada kutoka orodha moja, na hifadhi yake ya zamani inarudi nyuma hadi 1910. Ongeza AND ("na") resist* ili upate resistance na resistant kwa mkupuo. Kinyota hicho Google Scholar haikitambui namna hiyo. Kisha nakili kwenye daftari mstari wenyewe ulivyo, jina la kanzidata, tarehe na idadi ya matokeo. Dakika mbili tu, na sura ya mbinu za utafiti inakuwa na kitu cha kusimamia.

Google ina uwanja wake, na hapo kanzidata zinachemsha. Taarifa za Bodi ya Kahawa, miongozo ya wizara, vipeperushi vya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungu: vingi vya aina hiyo huvipati Scopus, kanzidata kubwa ya makala za kisayansi, na vya Kiswahili ndiyo kabisa. Andika chulebuni filetype:pdf upate faili za PDF tu, au ongeza site:go.tz upate tovuti za serikali tu, uone.

Kuhusu kuingia: nywila ya Research4Life ni ya taasisi, anayo mkutubi, kwa hiyo mfuate yeye. Ingia kwanza kwenye lango lao, kisha ufungue jarida kupitia humo humo. Ukienda moja kwa moja kwenye tovuti ya mchapishaji, haitakutambua, utaonyeshwa bei ileile ya dola, na utadhani nywila ni mbovu. Na usipakue jarida zima toleo kwa toleo eti kwa sababu leo intaneti ya maktaba ina kasi. Masharti yanakataza, na njia ikifungwa inafungwa kwa chuo kizima.