Mwenye 4 na mwenye 30

Matokeo ya PLE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi Uganda, yakitoka, vijiwe vya bodaboda hapa Busia, mpakani na Kenya, hugawanyika. Wapo wasemao mtoto aliyepata agrigeti 4 (jumla ya madaraja ya masomo manne; ndogo ndiyo bora, na hakuna iliyo bora kuliko 4) kazaliwa na kichwa; aliyepata 30 hana lake, apelekwe gereji. Wengine hujibu kwamba akili zetu ni sawa, kinachotofautiana ni ada tu.

Hao wa pili nawaelewa, ila siwafuati mpaka mwisho. Watoto wa nyumba moja, sufuria moja, shule moja: mmoja anashika hesabu za sehemu siku hiyohiyo, nduguye anahangaika nazo wiki nzima. Kumwambia huyu kwamba hakuna tofauti ni kumnyima msaada. Na mtihani wenyewe una haki yake. Karatasi ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ni ileile kwa mtoto wa Kololo, mtaa wa matajiri Kampala, na wa Kotido, wilaya maskini ya kaskazini-mashariki, na kwa asiye na mjomba wizarani ndiyo njia ya kuonekana na shule kubwa.

Lakini wanaosema "kazaliwa hivyo" wanaruka mengi. Shule nyingi za vijijini hufundisha darasa la kwanza hadi la tatu (P.1 hadi P.3) kwa lugha ya nyumbani, P.4 Kiingereza kinaanza kushika nafasi, P.7 mtihani ni Kiingereza kitupu. Aliyekosa swali la hesabu huenda hakuelewa ameulizwa nini.

Kisha kuna malaria. Utafiti wa Hospitali ya Mulago uliochapishwa 2008 ulikuta kwamba takriban mtoto 1 kati ya 4 walionusurika malaria ya ubongo alikuwa na upungufu wa kiakili miaka 2 baadaye. Hapo kambi zote mbili zinakwama: tofauti ipo kweli, haifutwi kwa maneno matamu, na bado si ya ukoo. Imeletwa na mbu.

Hata tunachokiita akili hatukipimi kwa jicho moja. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Mallory Wober aliandika kwamba wanakijiji wa Buganda waliihusisha akili na utulivu na kutokurupuka, ilhali waliosomea shule za kizungu waliihusisha na wepesi. Mtihani unaopimwa kwa saa umeshachagua upande.

Mpakani, mbadilisha pesa ambaye hakumaliza P.7 anapewa shilingi 7,400 za Kenya, kiwango 28.5 za Uganda kwa moja, na anataja 210,900 kabla hujafungua simu. Ni mazoezi hayo, mtu atasema, na ni kweli. Ila wa agrigeti 4 naye alikeshea karatasi za miaka iliyopita.

Mtihani wa UCE (wa kidato cha nne) wa mtaala mpya, ulioanza 2024, unahesabu pia kazi za darasani kwa asilimia 20. Wanaohofia walimu kuwapendelea wanafunzi wao wana hoja. Mimi nauunga mkono hata hivyo, japo mtoto wa 30 atakuwa ameshachujwa P.7 kabla haujamfikia.