Kalenda ya Buchari

Wenzangu, mimi ni fundi mbao, Kayole, Nairobi, na haya nayasema Oktoba 2021. Katika dunia hii naamini vitu viwili tu: futi yangu ya chuma, na kalenda ninayopewa kila Desemba na jamaa wa buchari. Futi haijawahi kunidanganya. Kalenda nayo tulikuwa tunaheshimiana, mpaka shule zilipofungwa.

Ile ya 2020 bado iko ukutani. Mama watoto ametaka kuitoa mara tatu, nikamwambia aiache, huo ni ushahidi. Juu ina picha ya fahali anayenitazama kama mtu anayenidai. Jumapili ya Machi 15 nimeizungushia penseli: siku hiyo Rais alitangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona. Sawa. Ugonjwa ni ugonjwa, utabishana nao ukiwa nani? Kifungua mimba, kidato cha pili, akarudi kutoka bweni na sanduku lake kichwani. Wa katikati, darasa la saba, akasukuma begi uvunguni. Kitinda mimba, gredi ya nne, akauliza kama kesho ni Jumamosi. Nikaandika kwenye Mei 4: SHULE. Tukaambiwa tuongeze mwezi, nikafuta. Nikaandika Juni, nikafuta. Hiyo karatasi ya Juni imetoboka kwa kufutwa; ukichungulia kwenye tundu unaona Julai.

Na Julai ndiyo yenyewe. Tarehe 7, Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, akatangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea. Umepotea! Mimi nikipoteza bawaba ya mteja nalipa. Mitihani ya kitaifa, KCPE hakuna, KCSE hakuna, shule ni Januari 2021, kila mtoto arudie darasa alilokuwa. Nikasema haya, angalau sasa tuna tarehe. Nikayapanga maisha yangu yote kuelekea hiyo Januari. Kifungua mimba nikamchukua karakana, na kumbe anapiga randa kuliko yule kijana niliyekuwa namlipa. Wa katikati akawa anauza maandazi ya mama yake pale stejini. Kitinda mimba akabaki na redio.

Masomo yalikuwa yanapita redioni, mnakumbuka. Siku moja nimerudi mchana kuchukua msumeno, nikamkuta ameketi sakafuni na sare kamili, hata soksi, mkono mmoja juu. Nikamwuliza, vipi? Akaniambia kwa kunong'ona, "Baba, mwalimu ameuliza swali." Nikasimama na msumeno wangu tukangoja pamoja. Mwalimu wa redio akajijibu mwenyewe, akaendelea. Mtoto akashusha mkono taratibu. "Hajaniona," akasema.

Basi tumekaa hivyo, tumeshazoea, ndipo Jumanne ya Oktoba 6 tunaambiwa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne warudi shule Jumatatu ijayo, tarehe 12. Siku sita! Mteja akitaka kabati kwa siku sita namwambia aende dukani akanunue la karatasi. Si mlisema Januari? Darasa la nane nawaelewa, wana mtihani. Kidato cha nne hivyo hivyo. Lakini ndani ya nyumba yangu hesabu ilitoka hivi: kijana mwenye ndevu zimeanza kuota anabaki nyumbani kwa usalama wake, ndugu yake mwenye mguu wa saizi nane anabaki nyumbani kwa usalama wake, na kale kanakolala kamekumbatia mto ndiko kanatangulizwa mbele kukapambane na korona.

Usiku ule ule simu ikalia. Orodha ya shule: barakoa mbili za kitambaa, sabuni ya kipande, sanitaiza, chupa ya maji, na mchango mdogo wa tangi la kunawia mikono. Mchango mdogo, enyi wazazi wenzangu, mliwahi kuuona? Mimi tangu niwe mzazi sijawahi kuona mchango mkubwa. Yote ni midogo, na yote inanitoa jasho.

Barakoa alishona bibi yake, kutokana na kipande cha pazia lililobaki. Maua mekundu, mpira mzuri wa masikioni, mshono mara mbili. Mtoto alipendeza mpaka nikasahau bei ya sanitaiza. Jumatatu asubuhi akaondoka na maua mekundu. Jumatatu jioni akarudi na barakoa ya buluu yenye nembo ya klabu ya mpira, imelowa kama kitambaa cha kufutia meza, mpira mmoja umefungwa fundo.

"Yako iko wapi?"

"Tumebadilishana. Alitaka ya maua."

"Na wewe ulitaka hii?"

"Hapana. Lakini aliniongezea nusu mandazi."

Nusu mandazi. Mama yake anakaanga maandazi hapa nyumbani, karai zima, halafu mtoto anaiuza kinga yake ya kiafya kwa nusu mandazi ya mtu mwingine. Nikamwuliza kama walinawa mikono kabla ya hiyo biashara. Akasema ndiyo, ila maji yalikuwa yameisha, wakanawa kwa vitendo.

Januari ikafika, zamu ya wengine. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mtoto hafungwi kama shule. Shule ilisimama miezi tisa, miguu ya watoto haikusimama. Suruali ya kifungua mimba ilikuwa imegeuka kaptura. Viatu, nikamwambia avikanyage nyuma, akaniambia, "Baba, shuleni si msikitini." Na siku ya kwenda bweni ananiuliza, uso mkavu, mshahara wake wa Desemba uko wapi. Nikamwambia umekatwa chakula.

Kabla ya kufungua, Jumamosi ya Januari 2, wazazi tuliitwa mkutano katika shule ya wadogo. Langoni bawabu ana ile bunduki ya joto. Akanilenga kipajini, ikasoma 33. "Pita, mzee, uko sawa." Nikamwambia mtu wa digrii 33 hapitishwi, anafunikwa shuka. Akaniambia hiyo mashine ndivyo inavyosoma asubuhi, mchana inachangamka.

Ndani Mwalimu Mkuu, mtu mpole, akasema watoto watakaa umbali wa mita moja na nusu. Mimi futi iko mfukoni. Sikuwa na ubaya wowote, mkono ulienda wenyewe. Upana wa darasa mita saba. Urefu mita nane. Ukimwachia mwalimu nafasi yake mbele na ubao, halafu umweke mtoto kila mita moja na nusu, unapata watano kwa upana, wanne kwa urefu.

"Mwalimu, wanaingia ishirini. Darasa lina wangapi?"

"Sitini na wanane."

"Basi arobaini na wanane wamebaki nje."

Akavua miwani akaipangusa. Akasema Waziri ameshaeleza kwamba pasipo na nafasi, hata chini ya mti watoto wanaweza kusoma. Wote tukageuka dirishani kuutazama mti. Shule yetu ina mti mmoja. Mjakaranda. Chini yake linaegeshwa gari la Mwalimu Mkuu, na juu yake wanakaa wale korongo wenye upara wanaoshinda kwenye jaa la Dandora na kurudi jioni wameshiba. Gari lenyewe lilikuwa jeupe mgongoni, na halikutoka kiwandani na rangi hiyo. Mzazi mmoja nyuma akauliza, je, mwavuli utakuwa kwenye orodha?

Mwishowe ikaeleweka, kama ilivyoeleweka nchi nzima, kwamba pasipowezekana umbali, barakoa itatosha. Sina neno. Ila nilipotoka pale nikapanda matatu ya viti 14, nikakuta imebeba abiria wanane, nauli juu, na kondakta ananifokea nisikae karibu na mama mmoja. Kwa hiyo matatu ya watu 14 inabeba wanane, na darasa la watu ishirini linabeba sitini na wanane. Hivi virusi vimesomea wapi, vikajua kutofautisha?

Nikadhani sasa vurugu zimeisha, watoto wote watatu wako shule. Kumbe! Yule wa gredi ya nne, kwa kuwa alitangulia Oktoba, akamaliza gredi yake Machi 2021. Akaja nyumbani, na ikabidi awangoje wenzake mpaka Julai 26. Miezi minne! Mei kaka zake wanapanda matatu kwenda shule, yeye yuko mlangoni anawapungia mkono kama mstaafu. Aliyetangulia amekuwa wa mwisho, na redio mimi nilishaiuza.

Sasa nije kwenye kidonda chenyewe. Karo. Ili kuufidia ule mwaka uliopotea (kwa hiyo walijua uliko), mihula ikakatwa mifupi na likizo zikabanwa. Tazameni kalenda yangu ya 2021, fahali ni yule yule, ameinua kichwa kidogo tu. Januari 4 shule, karo. Mei 10 shule, karo. Julai 26 mwaka mpya wa masomo unaanza katikati ya mwaka, karo. Sasa kesho, Oktoba 11, karo tena. Mara nne! Mimi nimezaliwa nikiambiwa mwaka una mihula mitatu, hata mvua inajua misimu yake. Na nikageuza ukurasa wa mwisho nikaona kwamba Krismasi shule zinafungwa Desemba 23 na Januari 3 zinafunguliwa. Mtoto wa bweni atafika nyumbani, atavua viatu, atakula chapati, atavaa viatu.

Haki wapewe, karo za bweni walipunguza. Shule za kitaifa zikatoka shilingi 53,554 kwa mwaka zikawa 45,054. Nilifurahi, nikaenda kumweleza jamaa wa buchari. Yeye anajua mizani. Akaniuliza, "Na huo mwaka una wiki ngapi?" Tukahesabu kwenye kalenda yake mwenyewe: thelathini. Akacheka akasema hata yeye anaweza kupunguza bei ya nyama, ukimruhusu kuuza kilo yenye gramu mia saba.

Jamani, mimi sikatai shule. Nikatae shule nikae na hawa watatu katika vyumba viwili? Mwezi wa tano wa kufungwa kwa shule mama watoto alikuwa anajifungia bafuni, si kuoga, kukaa. Ninachouliza ni kitu kimoja. Kwa nini kila mpango ukitangazwa, mimi ndiye wa mwisho kujua na wa kwanza kulipa? Mimi nikibadilisha mchoro wa kitanda katikati ya kazi, mbao iliyoharibika ni yangu. Wao wakibadilisha, mbao ni yangu pia.

Hata zile bilioni 1.9 za madawati ziliniponyoka. Mnakumbuka serikali iliposema mafundi wa mitaani watatengeneza madawati ya shule. Nilinoa patasi zote. Nikaenda ofisi niliyoelekezwa, nikaambiwa nilete cheti, nikaleta cheti, nikaambiwa kuna kingine, nikaleta, nikaambiwa fomu zimekwisha. Siku hiyo nilitembea kurudi nyumbani kwa miguu ili angalau nauli isipotee na yenyewe.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Wiki hii ya likizo nilikuwa na deni pale kwa wadogo, nikamwendea Mwalimu Mkuu. Tukaongea kiutu uzima, tukakubaliana nitengeneze madawati kumi na tano yaliyovunjika, deni lishuke. Nimeyapiga misumari tangu Alhamisi. Dawati moja ni la watoto wawili, na wanakaa wanne. Nimepima, kila mtoto ana sentimita thelathini. Sikumwambia mtu. Nimejifunza, kuna vipimo vya kubaki navyo mfukoni.

Jana jioni nikafika dawati la mwisho, lile la karibu na dirisha la mjakaranda. Nikaligeuza chini juu ili nishike mguu, kitu kikadondoka kutoka kwenye sanduku lake la vitabu. Kimekauka kama ng'onda. Nikakiokota nikakikung'uta vumbi, maua mekundu yakatokea. Mshono mara mbili, mpira wa masikioni bado mzima.

Nimeifua mara tatu kwa maji ya moto. Saa hii iko kwenye kamba, inangoja kesho Jumatatu. Na huyo mwenzake akija kudai nusu mandazi yake, ajue hapa tunalipa kwa mihula minne.