Mama mkubwa hajaulizwa

Kundi la familia halikulala usiku wa juzi. Mchango wa kumpeleka mama mkubwa India akatibiwe saratani ya tumbo. Ami kaahidi elfu hamsini, binamu wa Dubai atatuma laki, mwengine ashaulizia viza. Ujumbe zaidi ya mia, na hapana hata mmoja uliosema mgonjwa mwenyewe ataka nini.

Ana miaka 78. Alikatwa sehemu kubwa ya tumbo, akapona akarudi kwenye shughuli zake, na sasa saratani imerudi na kuingia kwenye ini. Ikishafika hapo, kumpasua tena hakumponyi, awe Mombasa au Mumbai. Dawa zaweza kuupunguza kasi ugonjwa na kumwongezea muda. Kuumaliza, hapana. Najua neno hili ni chungu, lakini ndilo la kuanzia mazungumzo.

Na hiyo "dozi kali" ya dawa za saratani inayotajwa kwenye kundi kana kwamba ndiyo kipimo cha mapenzi yetu! Uingereza kulifanywa utafiti uitwao GO2, matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Wagonjwa 514, wazee au dhaifu, wenye saratani ya tumbo au ya umio (njia ya chakula) iliyosambaa. Walipewa dawa mbili za saratani, oksaliplatini na kapesitabini: kuna waliopata dozi kamili, kuna wa asilimia 80, kuna wa asilimia 60. Wale wa 60 ugonjwa wao ulizuilika kwa kiasi kile kile, na dawa haikuwatesa kama wenzao. Basi daktari akisema tumpunguzie, hajamtupa mzee wetu. Amemwangalia yeye, si ugonjwa peke yake.

Sikatai, wako wazee wenye nguvu wanaotaka kupambana hadi tone la mwisho, na ni haki yao. Mama mkubwa akisema India, nami nitachanga.

Jumamosi nilivuka feri kwenda Likoni nikamuuliza. Alikuwa barazani, ameshika robo ya hamri, ailowesha kwenye tui la mbaazi, amega kipande kidogo kama ukucha, apumzika, kisha amega tena. Tumbo lililobaki halichukui zaidi ya hapo kwa mara moja. Akasema, "Mwanangu, India sina mtu. Nataka usiku nilale, maumivu yasiniamshe. Na asubuhi niketi hapa."

Usiku ndio adui yake, na usiku una dawa. Mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, ya kunywa kwa vipimo, daktari akipandisha kidogo kidogo. Kwetu ikitajwa watu huanza kulia, kama kwamba sanda imeshakatwa. Mtu hunywa mofini miezi mingi akiongea, akiswali, akiwatambua wajukuu wake. Kumnyima kwa sababu sisi twaogopa jina la dawa ni kumwonea.

Pesa zilizokwisha kuchangwa zatosha teksi ya kliniki, godoro la kuzuia vidonda, na mtu wa kushinda naye mchana. Ami, nakuomba, mpigie leo umsikie mwenyewe.