Elimu ya fedha vijijini: hesabu anaijua, marejesho hayamsubiri

Miradi mingi ya kumwezesha mwanamke wa kijijini huanza na semina: kuandika mapato na matumizi, kutenganisha mtaji na hela ya nyumbani, kuweka akiba. Inasaidia, ila si kwa kiasi kinachotangazwa.

Chukua kuku 50 wa mayai. Anayetaga hula karibu gramu 120 kwa siku, yaani kilo 6 banda zima. Chakula kikiwa shilingi 1,000 kwa kilo, ni 6,000 kila siku. Wakitaga mayai 35, kila trei ya mayai 30 imebeba chakula cha takribani 5,140. Asiyeandika huuza trei kwa 8,000 akadhani kapata; mwenye daftari anajua chanjo, maranda na nauli bado. Pigo kubwa zaidi linatangulia: tangu kifaranga hadi yai la kwanza, wiki 18 hadi 20, kila kuku hula karibu kilo 8. Kwa 50 ni kilo 400, laki nne zimetoka na hakuna kilichoingia. Semina inayompigisha mama hesabu hii kabla hajakopa imefanya kazi yake. Nyingi humfundisha vitabu vya uhasibu. Utafiti wa Jamhuri ya Dominika uliochapishwa 2014 ulionyesha kuwa kanuni chache nyepesi ziliboresha utunzaji wa hesabu kuliko uhasibu kamili.

Wenye mashaka nao wana hoja. Miongoni mwa wakopaji wa PRIDE Tanzania, taasisi ya mikopo midogo, jijini Dar es Salaam, mafunzo ya biashara yaliwainua zaidi wanaume. Kwa wanawake matokeo yalikuwa hafifu. Hao ni wa mjini, kweli, lakini kijijini fundo linakaza zaidi. Marejesho ya kila wiki huanza kuku hawajataga, basi mama anauza mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, au anaangukia kausha damu, mikopo ya riba kubwa. Daftari litamwonyesha hasara hiyo vizuri tu, kuizuia haliwezi. Hata mkopo wa halmashauri usio na riba, ile asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengewa wanawake, humbana vilevile ratiba isipofuata mradi.

Kwa maoni yetu, ratiba ndiyo ya kushughulikiwa kwanza. Vikoba vingi, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, huvunja mzunguko na kugawana fedha Desemba. Kwenye mikoa ya msimu mmoja mvua huanza Novemba, kwa hiyo mgao huikuta mbegu imeshakopwa, kisha huishia kwenye sikukuu na mahitaji ya shule ya Januari. Mgao ukihamia Oktoba, pembejeo zinanunuliwa taslimu. Mabadiliko hayo hayahitaji mwezeshaji wala posho. Ni kikao kimoja na marekebisho ya katiba ya kikundi.