Dhahabu iliyojificha ndani ya fedha: asidi au umeme?

Dhahabu ya Kamituga, mji wa machimbo mashariki mwa Kongo, kama karibu dhahabu yote ya asili, hutoka ardhini ikiwa na fedha ndani yake. Sonara wa Bukavu anayeisafisha mwenyewe hubaki na fedha hiyo, nayo mara nyingi imebeba vumbi la dhahabu lililomponyoka wakati wa kumimina maji ya asidi. Airudie kuitoa dhahabu hiyo? Na kwa njia gani?

Hesabu kwanza. Kwa muda mrefu wa miaka kumi iliyopita, gramu moja ya dhahabu imekuwa na bei ya gramu 70 hadi 90 za fedha. Kwa hiyo kilo ya fedha yenye gramu 10 za dhahabu imebeba karibu thamani ya kilo nyingine. Ikiwa na gramu moja tu, nyongeza haifiki hata sehemu ya kumi.

Asidi ya nitriki huila fedha na kuiacha dhahabu. Fedha ikishayeyuka yote, chini ya chombo hutulia unga wa kahawia iliyokolea, ambao ndio dhahabu yenyewe. Subiri utulie kabisa, kisha uchuje. Haraka ya hapo ndiyo iliyoleta tatizo tangu mwanzo. Maji yaliyochujwa ukiyatia waya wa shaba, fedha hujikusanya juu yake kama manyoya ya kijivu. Gramu 300 hivi za shaba hurudisha kilo nzima, na hakuna mtaji unaolala. Sishangai masonara kuipenda.

Ila kilo hiyo hunywa karibu lita nzima ya asidi kali na kutoa moshi wa kahawia ulio mzito kuliko hewa. Kadutu, mtaa wa Bukavu ambako nyumba zimepandana mlimani, moshi huo unamteremkia jirani wa chini. Aliyeuvuta anaweza kula chakula cha jioni akijiona mzima, mapafu yakaanza kujaa maji usiku. Yale maji ya buluu yenye shaba nayo yakimwagwa mferejini huishia Ziwa Kivu.

Njia ya umeme, ambayo mvumbuzi Bernhard Moebius aliipatia hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1884, ina utulivu zaidi. Kipande cha fedha huvalishwa mfuko wa kitambaa na kutumbukizwa katika maji ya nitrati ya fedha, yaani fedha iliyoyeyushwa kwa asidi ya nitriki. Mkondo ukipita, fedha huhamia upande wa pili ikiwa fuwele safi, na dhahabu hubaki mfukoni ikiwa tope jeusi. Ampea 10 huhamisha gramu 40 kwa saa, yaani kilo moja kwa saa 25 hivi. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukikatika kazi husimama tu, na kwa kuwa volti zinazohitajika ni chache, hata betri ya sola inafaa. Tatizo ni mtaji: kila lita ya maji hayo inahitaji gramu 50 au zaidi za fedha zilizoyeyushwa. Mwenye gramu 300 mkononi atazitoa wapi? Tena fedha yenye shaba nyingi huyachafua maji hayo upesi.

Kwa maoni yangu, penye gramu 10 na kuendelea kwa kilo, asidi inajilipa, mradi ifanyiwe mahali pa wazi, mbali na makazi, na maji yake yasafishwe kwa chokaa kabla ya kumwagwa. Kwa gramu moja, mtu asihangaike peke yake. Masonara kadhaa wanunue chombo kimoja cha umeme. Watakachogombania ni lile tope la mfukoni, kwa hiyo kila kipande kipimwe dhahabu yake kabla ya kuingia majini, na mgao uandikwe siku hiyo hiyo mbele ya wote.