Umeshinda, Sawa, Lakini Ulicheza Vibaya

Juzi kwenye poka yetu nimeona mtu mzima akipongezwa kwa upuuzi, na hadi leo imenikaa kooni.

Karata nne ziko wazi mezani, mbili kopa. Jamaa ana kopa mbili mkononi, hana kingine cha maana: karata ya tano, ya mwisho, ikiwa kopa atakuwa na kopa tano na kushinda, la sivyo hana kitu. Katikati kuna shilingi 600. Mwenzake, mwenye ree mbili na anayeongoza mpaka hapo, anasukuma 600 zake zote zilizobaki. Hesabu hiyo haihitaji digrii: unalipa 600 kufukuzia 1,200, kwa hiyo lazima upate angalau mara moja katika kila mara tatu. Kopa zilizobaki ni 9, karata usizoziona ni 46. Hata moja kwa tano haifiki! Jamaa akalipa. Karata ya mwisho, kopa. Makofi, kelele, "wewe ni noma!"

Mwenye ree naye akaondoka akiapa kwamba ree zina mkosi.

Sasa niambieni nani kajifunza nini hapo. Kila mtu anaimba "jifunze kutokana na makosa yako", halafu kosa tunalipima kwa hela: iliyotoka mfukoni ni kosa, iliyoingia ni akili. Mwongo mkubwa kuliko wote mezani ni ushindi usiostahili. Mwenye ree hakukosea popote, lakini wiki ijayo atacheza kwa woga. Wa kopa kakosea waziwazi, na atarudia maana kalipwa. Ndiyo maana nasema anza kukagua mikono, yaani raundi, uliyoshinda. Nani anafanya hivyo? Muulize mtu alivyopoteza, atakutajia karata moja moja, na rangi zake. Muulize alivyoshinda: "Nilimsoma tu." Ulimsoma nini, kiganja?

Mchezaji wa Kimarekani Doyle Brunson alichukua ubingwa wa dunia wa poka 1976 na tena 1977, na mara zote mbili mkono wa mwisho alikuwa na 10 na 2. Mpaka leo kuna watu wanaingiza hela na takataka hiyo kwa heshima yake. Brunson alikuwa na mambo mengi ya kuigwa; wao wamechagua hilo.

Bahati ipo, nakubali, japo kwa shingo upande. Usiku mmoja haumpimi mchezaji. Basi usiku huohuo usiuachie ukufundishe.

Mimi nina sharti moja kwa anayetaka maoni yangu. Nieleze ulikuwa na nini, dau lilikuwa kiasi gani, ulidhani mwenzako ameshika nini, kwa nini ulilipa au ulitupa. Kisha ishia hapo, kabla karata ya mwisho haijafunuliwa. Nani alibeba hela sitaki kujua. Wengi hawawezi, wananitumia sauti ya dakika nne WhatsApp, na tatu kati ya hizo ni za karata ya mwisho. Hao siku hizi nawajibu kwa kidole gumba.