Iacheni injini ipumue

Juzi kwenye gereji moja ya Mwanakwerekwe, Unguja, nimekuta kijana kaleta pikipiki ya marehemu babu yake, Triumph Bonneville, inavuja oili. Fundi akachukua skrubu, akaipachika kwenye mpira wa kupumulia, ule unaotolea hewa ya injini nje, akakaza klipu. "Hapa ndipo inapotemea, bwana mdogo. Nishaziba."

Damu ilinichemka. Jamani, mpira ule ni pua ya injini! Bonneville ya sisi 650 ina pistoni mbili zinazopanda pamoja na kushuka pamoja. Kila zikishuka zinakandamiza hewa ya chumba cha krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, ni mara 50 kila sekunde, na hapo hujahesabu gesi inayopenya kwenye ringi za pistoni. Ukiziba, hewa itajitafutia njia: sili ya krenki, gaskiti, mirija ya fimbo za valvu. Ndiyo maana injini ile ilishapakwa gundi ya silikoni nyekundu juu ya ya kijivu, na chini yake uzi mweusi wa oili bado unatambaa kwenye mapezi ya kupoozea injini.

Dawa ni valvu ya njia moja, inayopitisha hewa upande mmoja tu. Ile ya mpira wa busta, kisaidizi cha breki za gari, inafaa, na kwa wauza vipuri chakavu haikosekani. Ifunge karibu na injini kadiri inavyowezekana, kishale kielekee nje. Pistoni zikishuka hewa inatoka. Zikipanda valvu inajifunga, na ndani kunabaki mvuto mdogo unaoizuia oili isisukumwe nje. Mpira uwe mpana, uelekee juu kwanza, kisha ushuke mbali na tairi la nyuma. Usining'inie ukafanya tumbo! Hewa yetu ina unyevu na safari zetu fupi, Darajani na kurudi, injini haipati joto la kukausha. Masika utaukuta umejaa ute mweupe mzito mithili ya tui la kwanza.

Triumph wenyewe walilihangaikia hili: zamani kulikuwa na kisahani kilichozungushwa na kemshafti, shafti inayofungua valvu, kuachia hewa kwa zamu, na kwenye modeli za 1970 wakaipitishia nyumba ya cheni ya klachi. Hawakuiziba.

Haya, nakubali: ringi zikiwa zimekwisha, valvu haiokoi kitu, kwa hiyo kompresheni, mkandamizo wa ndani ya silinda, ipimwe kwanza. Lakini mafundi wetu, nakuombeni sana, kabla hamjashika tyubu ya silikoni, uvueni mpira wa kupumulia, mupulize, muone kama unapitisha hewa.